Juma la Tano: Vizuizi

Kalenda ya parokia ilining'inia jikoni juu ya ndoo ya maji, na Bintu alikuwa ameigawa kwa kalamu nyekundu katika majuma kumi na mawili. Juma la kwanza, mawimbi. La pili, antena. La tatu na la nne, hesabu. La tano, vizuizi. Mtihani wenyewe, ule wa ngazi ya juu wa mitandao isiyo na waya, ulikuwa mwishoni mwa Novemba. Alisoma kila alfajiri hadi saa moja, umeme ukiwepo; usipokuwepo alisoma kwa tochi na kununa. Kila juma lilimalizika kwa mazoezi ndani ya jengo la kweli, maana vitabu vitupu vilimtia usingizi.

Mama yake, maman Valérie, aliipenda kalenda ile. Tangu Februari, watu wenye bunduki walipomchukua Aganze, mdogo wake Bintu, akisubiri wateja kwenye pikipiki yake, hakuna kitu kingine nyumbani kilichokwenda mbele. Aganze hakurudi, na hakuna aliyemwona. Bila mtu wa kusema "nilimuona amekufa", matanga hayawekwi. Basi kila jioni sahani yake ya bugali iliwekwa mezani, ikafunikwa.

Juma la tano lilipofika, papa Déogratias, mkuu wa kampuni ndogo alikofanya kazi Bintu, alimpatia jengo.

"Ile depo ya zamani ya ciment, kule Kasha. Service moja ya usalama inataka kuifanya bureau. Utapima réseau, utaniletea carte na rapport. Na usikuwe na maulizo mingi, maman."

Kupima réseau, yaani mtandao, ni kazi ya miguu. Unaweka kifaa kimoja kinachorusha mawimbi, unabeba kompyuta, hatua mbili, unabonyeza, hatua mbili, unabonyeza. Carte, yaani ramani, inajichora yenyewe: kijani pale mawimbi yanapofika vizuri, nyekundu pale yanapodhoofika. Kitabu kinasema mwili wa mtu karibu wote ni maji, na mtu mmoja akisimama njiani anameza nusu ya nguvu. Nusu nzima, si mchezo. Ndiyo maana Bintu alipenda kupima ukumbi ukiwa mtupu.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Ramani ilionyesha watu ishirini na watatu.

Walijipanga kando ya ukuta wa kushoto, madoa mekundu yenye upana wa mabega. Bintu alipima tena, safari hii akianzia mlango wa nyuma, na wanne walikuwa wamesogea karibu na bomba la maji. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, akataka kukimbia, lakini mlangoni alikaa mkubwa wa ile service, bastola kiunoni, anatafuna karanga. Mkubwa akasimama, akaja kuitazama kompyuta, akayaona madoa.

"Ah, bale bangali humu?" aliuliza, kama mtu anayeulizia panya. "Ongeza tu antennes. Mu rapport andika humidité."

"Ndiyo, chef."

Alipokuwa akipima njia ya katikati kuelekea nje, doa moja liliachana na ukuta. Lilimfuata hatua tatu nyuma, likasimama kila aliposimama. Aganze alipokuwa mdogo alikwenda shule hivyo hivyo nyuma ya dada yake, kwa hasira, kwa kuwa hakutaka kushikwa mkono. Bintu hakugeuka.

"Aganze," alisema kwa sauti ndogo.

Doa likamzunguka, likasimama mbele yake, na nguvu ya mawimbi ikashuka nusu. Kisha mkubwa akakohoa, Bintu akatoka, na doa likabaki kizingitini.

Nyumbani hakusema kitu. Akisema, maman atajitupa chini na kupiga yowe, majirani watajaa, turubai litafungwa uani, na kesho yake mkubwa atataka kujua ni nani aliyemwona marehemu, na wapi. Atakuja kuwachukua wote wawili. Basi katika ripoti Bintu aliandika humidité, yaani unyevu ukutani, akatia sahihi, na siku nzima alijichukia.

"Bintu, juu ya nini kalenda haiendelee?" aliuliza maman Valérie.

"Vizuizi iko nguvu, maman."

Antena tano zilifungwa darini. Jumatatu ofisi ilifunguliwa, pamoja na dirisha la familia zinazotafuta watu wao, na Bintu akaambiwa awepo, achunguze kama mtandao unahimili. Alikuwa kwenye benchi, kompyuta magotini, aliposikia kandambili anazozijua. Maman Valérie aliingia na picha ya Aganze ndani ya plastiki, akaketi kando yake.

Kwenye ramani, doa moja lilikuwa limekwisha kutoka ukutani. Likaja moja kwa moja, likasimama mbele ya benchi. Maman aliinua kichwa, akatazama pale pale palipokuwa patupu, kama anayemtambua mtu.

"Maman, usilie hapa," Bintu alinong'ona. "Nakuomba. Batatuuwa."

"Nani analia?" Midomo ya mama yake haikuchezacheza. "Tangu lini uko unajua?"

"Juma ya tano."

Maman alitikisa kichwa polepole. Akakusanya kitenge chake, akajisogeza, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na binti yake. Doa likaketi. Mkubwa alikuwa akiwatazama kutoka mlangoni, na maman akamwangalia usoni, jicho kavu, mpaka jina lake likaitwa.

Karani alipitisha kidole kwenye daftari.

"Hiyo jina haiko mu registre, maman. Rudia lundi."

"Merci, papa. Nitarudia."

Alirudi Jumatatu iliyofuata, na nyingine, na nyingine, akaketi pale benchi hadi saa sita, mkubwa akamzoea hata akawa anamsalimu kwa jina. Matanga hayakuwekwa. Kalenda ikaendelea, na mwishoni mwa Novemba Bintu alifaulu mtihani kwa alama nzuri sana. Mkubwa aliposikia alimpigia simu mwenyewe, akampongeza, akamwambia kuna depo nyingine kule Mudaka, kubwa kuliko ile, aje aipime.