Banda la Vichwa vya Treni

"Hili nalo limeletwa na nani?" aliuliza mkuu wa ofisi, akilipima faili mkononi.

Ofisi ya ardhi ya reli haikuishiwa na mawazo ambayo haikuyaomba. Mmoja alitaka kujenga ukumbi wa harusi juu ya njia ya mizigo. Mwingine, bwawa la kuogelea ubavuni mwa stesheni. Dada Kamba, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakupitisha ombi lolote kabla ya kwenda kuvuta kamba ya kupimia kwenye eneo lenyewe, aliyasoma yote, na mengi aliyakataa huku anacheka. Kwa hili hakucheka.

"La mdogo wangu, yule fundi baiskeli. Anataka banda la zamani la vichwa vya treni liwe maegesho ya baiskeli za abiria. Sitalipima mimi."

"Nani atajua kama ni nduguyo?"

"Mimi najua."

Likaenda kwa mzee wa meza ya pili, ambaye ofisi nzima ilimwita Hapana, na kwa haki kabisa. Tangu karakana yake ifungwe, mdogo wake Dada Kamba alikuwa akiziba pancha barazani kwa mama yao, na wazo hili ndilo lililomrudishia usingizi. Kwa hiyo Hapana aliporudi kutoka bandani na vumbi magotini, akasema, "Zuri hili. Sijui macho yangu yalikuwa wapi," Dada Kamba alifurahi, kisha akakumbuka sheria. Ardhi ni ya serikali. Wazo likikubaliwa hutangazwa, na yeyote anaweza kulishindania.

Mdogo wake alikuja juu. "Yaani nawaletea wazo langu, nyinyi mnalibandika getini?"

"Ndiyo. Na wewe utashindana."

"Na wenye fedha zao? Dada, neno lako moja tu lingetosha!"

"Lingetosha, halafu kila anayepita pale angesema umebebwa na dada yako. Kazi unaijua. Waonyeshe."

Aliondoka bila kuaga. Ilimuuma dada mtu, lakini hakujuta hata kidogo.

Asubuhi ya tangazo alimwona kutoka dirishani mwa ofisi, mkabala na banda. Wanaume wawili wenye viatu vinavyong'aa walikuwa wakilipiga banda picha, na mdogo wake amesimama nyuma yao, ovaroli imejaa grisi, amenuna kama mtoto aliyenyimwa. Treni ikapiga honi. Nesi mmoja akaja mbio na baiskeli yake, akaangaza huku na huku, akaiona ile ovaroli.

"Kaka, nishikie hii! Nitaichukua jioni!"

Akamwachia usukani, akarukia behewa. Fundi akabaki ameduwaa na baiskeli ya watu. Wale wawili wakageuka kumtazama. Akainama, akaliminya tairi la nyuma kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Kisha akaanza kuisukuma taratibu kuelekea kivulini mwa banda, na nyuma yake mtu mwingine akashuka kwenye baiskeli.