Kila Aliyejibiwa Alikuja

Asubuhi, kabla hata ya kufagia, Kadzo aliwasha kompyuta ya ofisi ya Mramba ya kutembeza watalii pale Ukunda, akangoja kelele za laini ya simu zitulie, kisha akafungua barua pepe. Ilikuwa mwaka wa 1999. Watalii walikuwa wameadimika, na barua nyingi zilikuwa matangazo: wino wa mashine, vidonge vya kupunguza unene, shahada bila kukanyaga darasani. Zote zilianza kwa "Rafiki mpendwa."

"Hizo futa tu, dada," Mramba alimwambia. "Ni takataka."

"Mtu amekuita rafiki, utamnyamaziaje?"

Kadzo alilelewa Kinango, akafunzwa kwamba salamu hujibiwa hata ikitoka kwa mwizi. Basi akajibu moja moja: hatujambo, ahsante, kwa sasa hatuhitaji, tusalimie nyumbani.

Wa kwanza alifika nyumbani kwake Tiwi siku ya Jumatatu, amevaa suti, jasho linamtiririka, kabeba katoni ya wino. Alikuwa ametoka Florida. Kadzo alimpa kiti na chai. Kesho yake akaja wa vidonge, kisha mtu na mkewe wenye shahada zao. Kila aliyejibiwa alikuja. Majirani walipita, wakaamkua, wakauliza kama wageni wamezoea joto.

Siku ya tatu Kadzo aliwapa jembe, kama wahenga walivyoagiza. Wakaligeuzageuza, wakaanza kuliuza.

Mahali pa kulala palikuwapo, maana nyumba ilikuwa na vyumba vitano. Ila haikuwa ya Kadzo. Ilikuwa ya jirani yake Mumbe, Mkamba aliyekimbia zile vurugu za mwaka wa tisini na saba, watu wa bara walipofukuzwa Pwani, mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Kadzo na mumewe, Fondo, waliingia kuilinda isije ikang'olewa milango. Kulinda kukawa kukaa. Fondo akapaka rangi, na mtu akishapaka ukuta rangi huanza kuuita wake.

Kadzo hakuwa na raha humo. Aliketi akainuka, akafunga dirisha akalifungua, akachemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Ijumaa moja, katikati ya wino na vidonge, ikaingia barua ya Mumbe. Mwanawe mkubwa alikuwa ameiandika kwa niaba yake kutoka Nairobi.

"Mama Thoya, habari za siku mingi? Sisi ni wazima. Nasikia nyumba bado iko. Nataka kurudi kabla ya mvua nipande mahindi. Ni nani anakaa huko? Wewe nijibu tu, nitakuja."

Kadzo aliweka vidole juu ya vitufe. Mumbe ndiye aliyempokea Thoya, mtoto wa Kadzo, alipozaliwa, akamwosha kwa mikono yake. Kadzo aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Lakini alikwisha kujua mtu akijibiwa hufanya nini. Akaifuta.

"Sasa umejifunza kazi," Mramba akasema, akipita na karatasi zake.

Barua ilirudi Jumamosi, ikarudi Jumatatu, maneno yale yale. Kadzo akawa anaifuta kwanza, kisha anawajibu wauza vidonge kwa adabu kuliko zamani.

Nyumba ikajaa. Wakati wa chakula wageni waliketi mkekani wakabanana, magoti juu ya magoti, ila karibu na mlango waliacha nafasi ya mtu mmoja. Walifanya hivyo kila siku bila kuambizana.

"Sogea hapo, bwana," Fondo alimwambia yule wa Florida. "Mbona mwabanana na nafasi ipo?"

Mtu wa wino, ambaye tangu afike hakuwa amesema neno lisilo la kuuza, alitikisa kichwa.

"Hapa pana mwenyewe," alisema.

Fondo akamgeukia mkewe. "Mumbe ameandika?"

"Hajaandika."

Kadzo akaitua sufuria ya wali pale pale penye nafasi, akawahimiza kula, chakula kisipoe.