Vikojozi vya Raskazone

Mwanasiti alikuwa mshika dini, hilo halina ubishi, ila kuuliza ndiko kulikomshinda. Mumewe alipofariki, alijifungia ndani kwake Nguvumali kukaa eda, miezi minne na siku kumi, hata dirishani hachungulii.

Mwezi wa nne ulipokuwa ukingoni, dada yake Zuleha akapigwa na kiharusi huko Chumbageni, mwendo wa bajaji tu. Walimpigia simu, lakini ulimi wa Zuleha ulikuwa mzito, Mwanasiti akaambulia pumzi. Basi Semeni, binti wa mgonjwa, akaja mwenyewe kumwambia mama anamtaka. Mwanasiti alilia mpaka kanga ikalowa, ila hakutoka. Majirani walishamwambia mwenye eda havuki kizingiti, na kumuuliza shekhe aliona haya.

"Mwambie mama yako anivumilie," alisema. "Zimebaki siku kumi na tisa. Nikitoka tu, tunakwenda kwenye vikojozi vyetu."

Huko Raskazone, maji yakikupwa, chini ya miamba huonekana vifuko laini vyenye uhai, vimeng'ang'ania jiwe. Ukikibonyeza kimoja, kinakurushia maji. Jina la kweli hawakulijua, wao waliviita vikojozi. Tangu utotoni, wakienda kuokota chaza, Zuleha humwita mdogo wake aje aone chaza kubwa, na mwenzake akiinama tu, fyaa, maji ya uso! Miaka hamsini mchezo ule ule. Mwanasiti alikuwa akiujua sana, ila huinama kusudi, maana alikipenda kile kicheko cha dada yake.

Zuleha akafa zimebaki siku nne. Maskini Mwanasiti, hata kumwosha dada yake hakumwosha.

Eda ilipokwisha, Shekhe Masoud alikuja kumwombea dua. Mwanasiti akamsimulia yote, pengine akitaka kuambiwa alifanya vyema. Shekhe aliinamisha kichwa.

"Bi Mwanasiti, kwa mgonjwa kama yule, mchana ungekwenda ukarudi. Mbona hukuniuliza?"

Kesho yake maji yalipokupwa, Mwanasiti alikwenda Raskazone peke yake. Akatafuta kikojozi kikubwa, akakisogelea kwa uso, akabonyeza. Maji yakampata machoni. Hakuyafuta. Alibaki ameinama vile vile, akisubiri mtu acheke nyuma yake, kisha akabonyeza kingine.