Kijiko Mlangoni

Redio ilitangaza kwamba baba yangu, Leland, alikuwa shujaa wa vita vya Vietnam na mtu aliyeipenda sana familia yake. Medali zake zilitajwa zote, hata ile aliyoitumia kuzuia dirisha lisigongegonge. Lilisahauliwa jambo moja dogo tu: kwamba kwa zaidi ya miaka arobaini aliishi nyumba moja na mama mkwe wake bila kumtazama usoni wala kumsemesha. Labda muda wa matangazo uliwaishia.

Ndiyo mila yetu sisi watu wa kabila la Wablackfeet. Mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani, hawasemezani, hawakai chumba kimoja, hata majina hawatajani. Ni heshima. Vijana wa mjini Browning wameiacha, sasa wanagombana na mama wakwe zao ana kwa ana, na hayo ndiyo maendeleo.

Nyumba ilikuwa ya Bibi Cecile, huku kijijini Heart Butte, jiko upande mmoja, sebule upande wa pili, mlango katikati. Baba aliporudi kutoka vitani akamwoa mama, yeye na Bibi walijiwekea utaratibu wa kijeshi. Bibi akitaka kupita, aligonga mlango kwa kijiko cha mbao, akangoja mpaka asikie viatu vya baba vikitoka nje, ndipo akapita. Mazungumzo yalipitia kwa mbwa.

"Sajenti," Bibi alikuwa akisema kutoka jikoni, "mwambie huyo mtu kuni zimekwisha. Na kuni hazina miguu."

"Sajenti," baba alikuwa akijibu kutoka sebuleni, "mwambie mwenye nyumba ningeshazileta kama asingenifukuza na kijiko chake kila nikikaa."

Walimaliza mbwa wanne kwa kazi hiyo, wote wakiitwa Sajenti.

Dawa ya mwiko huo ipo, na kila mtu anaijua. Mkwe akimpa mama mkwe farasi, aibu imefutika, wanaweza kutazamana mpaka wachoke. Baba alikuwa naye farasi, jike wa kijivu mwenye roho mbaya. Siku moja nilimuuliza kwa nini asimtoe yaishe.

"Nimpe farasi ili anigombeze uso kwa uso?" alisema. "Vietnam imenitosha, mwanangu."

Mama alipofariki, watu walidhani baba atafunga virago. Nyumba haikuwa yake, na kikongwe aliyebaki humo hakuwa mzazi wake. Alibaki. Alipasua kuni, aliondoa theluji mlangoni, alimpeleka Bibi kliniki, yeye mbele kashika usukani, Bibi kiti cha nyuma kajifunika blanketi gubigubi. Polisi wa barabarani waliwahi kuwasimamisha wakidhani bibi wa watu ametekwa nyara. Mimi nampenda mume wangu, lakini sijui kama angemfanyia mama yangu hata robo ya hayo.

Baba alikufa ghafla, akimlisha yule farasi. Angeugua kidogo, Bibi angeruhusiwa kumuuguza na mwiko ungeishia hapo, lakini kuugua hakukuwa tabia yake. Kaka yangu Delmar alifika kutoka Great Falls akiwa na machozi mengi na trela la farasi.

Jeneza likawekwa sebuleni, wazi, wazee wawili waliokuwa naye vitani wakisimama wima kulilinda. Bibi akabaki jikoni, akikaanga mikate ya waombolezaji. Asubuhi ya mazishi aliniita.

"Mjukuu wangu, wanalifunga saa ngapi?"

"Watu wakishakula, Bibi."

"Nataka kumwona. Sijawahi kumwona yule mtu."

Yalinichoma maneno hayo. Nikamfuata Delmar uani, nikakuta farasi ameshapakiwa kwenye trela, mazishi bado. Nikamwomba ampe Bibi.

"Haiwezekani," alisema. "Mila ni mila. Ataingiaje bila farasi? Na maiti haitoi farasi."

"Mila umeijua lini, kaka? Juzi tu ulikuwa kwenye kamari na mama mkwe wako."

"Yeye ndiye aliyenialika."

"Farasi huyu ni wa baba."

"Alikuwa. Sasa ni urithi."

"Baba hajazikwa, Delmar. Wewe unarithi mtu aliyeko sebuleni?"

Tukarudi ndani, na hatujakaa sawa tukasikia kijiko kikigonga mlango wa jikoni. Bibi alikuwa nyuma ya mlango, akingoja viatu vya baba vitoke nje. Havikutoka. Akagonga tena, akangoja tena.

"Sajenti," alisema, "mwambie huyo mtu nataka kupita."

Mbwa alinyanyuka, akaenda mpaka jeneza, akalala chini yake.

Delmar alitoka nje. Nilidhani amekimbia, maana kukimbia anakujua. Kupitia dirishani nikamwona akishusha farasi kwenye trela, upepo ukitaka kuwaangusha wote wawili, farasi akimng'ata mkono wa koti. Alimvuta hadi mlango wa nyuma wa jikoni.

"Bibi," tulimsikia akisema, "pokea. Huyu ametoka kwa mkweo."

Bibi aliweka kijiko mezani na kuingia sebuleni, unga ukiwa bado mikononi. Wazee wa vita wakampisha. Akasimama mbele ya jeneza, akamtazama baba usoni kwa muda mrefu, nami nililia bila kujificha.

"Kumbe ana masikio makubwa hivi," alisema. "Basi alikuwa ananisikia."

Halafu akainama karibu naye.

"Leland," alimwambia mwenyewe, mbwa akisikiliza tu, "kuni zimekwisha."

Delmar, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni na kamba mkononi, aligeuka akaenda kuzileta.