Vikambare vya Fundi Redio

Jumanne, tarehe kumi Machi. Mvua nyepesi ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa moja na nusu, na madirisha ya sebule yakabaki na ukungu kwa ndani. Nilikuwa nayafuta nilipotupa jicho kwenye tangi la samaki, nikaona kikambare kingine kimekufa. Kilikuwa kimelala ubavu juu ya changarawe, na samaki wengine wakipita juu yake kama watu wanaowahi kazini.

Mimi ni mfanya usafi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nina miaka hamsini na mbili. Mchana napiga deki, jioni nasoma. Nimerudi darasani baada ya miaka thelathini na saba, na Mungu akinijalia nitafanya mtihani mwakani. Wazee wananiita Mama Maombi kwa sababu husali huku nikifanya kazi, midomo ikicheza. Mmoja wao aliwahi kunishtaki kwamba namsengenya.

Tangi lile lililetwa na binti wa Fundi Redio. Fundi alitengeneza redio za watu kwa miaka arobaini. Mkewe alipofariki, alijifungia chumbani kwake miezi minne. Chakula alipelekewa, na sahani zikarudi nusu. Binti akaja na tangi la kioo, akaliweka sebuleni kwa makusudi, ili baba akitaka kuona samaki sharti atoke. Akatoka. Mwanzoni mwa Februari binti akamwongezea vikambare vinane, vidogo kama kidole gumba, vyenye sharubu, vya kukaa chini tu. Kutwa nzima kazi yao ilikuwa kunusanusa changarawe. Samaki wekundu wa katikati na wale wembamba wa juu Fundi aliwaita abiria. Vikambare aliviita wanangu.

Cha kwanza kilikufa siku ya pili tu, labda kwa uchovu wa safari. Baada ya hapo vikaendelea kupungua. Viwili vilikutwa vimekufa. Kimoja kilitoweka kabisa, usionekane hata mwiba. Abiria hawakupata hata mafua.

"Humu kuna mwizi," alisema Bibi Sweta, ambaye havui sweta hata jua likiwa la kukaanga. "Simtaji mtu, lakini yule mwekundu mkubwa ananenepa."

"Mdomo wake hauingii hata punje ya mtama," Fundi alijibu. "Atamezaje kikambare?"

"Marehemu mume wangu naye alikuwa na mdomo mdogo. Akamaliza shamba la baba yake."

Jumanne hiyo Matroni, msimamizi wetu, alikuja kuangalia. Alikitazama kikambare kilichokufa, kisha akaitazama mikono ya Fundi. Mikono ile hutetemeka. Siku nyingine Fundi alikusudia kudondosha chembe mbili za chakula, ikamwagika robo ya kopo.

"Mzee wangu," Matroni alisema, "chakula kinazidi. Kinashuka, kinaozea chini, na hawa ndiko wanakoishi. Kuanzia leo nitalisha mimi. Mtu mwingine yeyote asitie kitu humu."

"Kwa hiyo ninayewaua ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Ila umesema kwa adabu."

Aliinuka, akaenda chumbani kwake. Wakati wa chai ya saa kumi kiti chake kilikuwa kitupu, na sahani yake ya jioni ilirudi jikoni nusu. Mpishi alinionyesha. Sote tulijua sahani ile ina maana gani.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo hakuna aliyelijua. Mama yangu mzazi aliniachia desturi ya kuiombea chumvi. Nachukua chumvi ya mawe, naishika mkononi, nasali, kisha natia kidogo katika maji ya kupigia deki kila chumba, ili Mungu awalinde wanaolala humo. Kikambare cha kwanza kilipokufa, nilimwomba Mungu avilinde vilivyobaki, na nikadondosha chembe chache za chumvi hiyo ndani ya tangi, nyuma ya kigogo kilichowekwa pale chini. Nilichagua hapo kwa sababu hapaonekani kwa mtu aliyekaa. Vikambare navyo vilipachagua kwa kulala, nadhani kwa sababu hiyo hiyo. Tangu siku hiyo nilitia kila Jumatatu na kila Alhamisi. Matroni aliposema mtu asitie kitu, nilijiambia anazungumzia chakula.

Alhamisi ikafika. Nilimwonea Fundi huruma. Niliingia katika chumba cha mifagio, nikasali kuliko siku zote, nikalia kidogo. Nilipotoka, badala ya chembe chache, nilitia konzi nzima.

Ijumaa asubuhi kimoja kilikuwa kimekufa karibu na kigogo. Vikabaki viwili.

Matroni hakugomba. Alimpigia simu daktari wa meno wa mtaa wa pili, ambaye siku nyingi alilitamani tangi lile kwa ajili ya chumba wanachosubiri wagonjwa wake. Wakakubaliana lichukuliwe Jumatatu. "Kuliko mzee wa watu ahudhurie mazishi kila wiki," aliniambia. Nilipita mbele ya mlango wa Fundi na ndoo yangu. Alikuwa amekaa kitandani akitazama ukuta.

Jioni hiyo darasani tulikuwa na somo la sayansi. Mwalimu wetu ni kijana ninayeweza kumzaa, na huniita mama hata anaponikosoa. Alijaza maji katika glasi ndefu, akashusha ndani yake chumvi ya mawe taratibu, na hakukoroga. Akamwita mbele mlinzi wa benki, ambaye tunakaa naye dawati moja. Akampa kijiko, akamwambia aonje maji ya juu.

"Maji tu," alisema mlinzi.

Kisha akampa mrija, akamwambia avute ya chini kabisa. Mlinzi akavuta, akakunja uso, akakimbilia dirishani kutema.

"Mwalimu, kama hunitaki darasani sema."

Darasa lilicheka. Mimi niliinua mkono.

"Mwalimu, na kama kuna kiumbe kinakaa hapo chini?"

"Kiumbe gani, mama?"

"Samaki mdogo. Hana magamba, ana ngozi tupu. Analala hapo hapo chumvi ilipo."

Aliinamia glasi. "Huyo itamchoma kabla wa juu hawajajua kama kuna chumvi."

Niliandika jibu hilo katika daftari langu kama alivyolisema, na mwandiko wangu ulikuwa mbaya.

Nyumbani binti yangu alikuwa kwenye cherehani, akimalizia sare za shule. Nilichukua kalenda ukutani, nikatia alama kila Jumatatu na kila Alhamisi tangu Februari. Kisha nikatia alama siku za vifo. Ukiacha kile cha kwanza, kila kifo kilikaa ubavuni mwa siku yangu. Nikamweleza binti yangu yote.

"Sasa mama, si uache tu chumvi?" alisema bila kuinua macho. "Havitakufa tena. Nani atajua?"

"Havitakufa tena. Na watu watasema ni kwa sababu Fundi alizuiwa kulisha."

Binti akasimamisha cherehani.

"Matroni akikufukuza je? Alisema mtu asitie kitu, ukatia."

"Nilitia."

Nilisali kabla ya kulala. Sikusikia sauti yoyote. Niligundua tu kwamba nilikuwa naomba nionyeshwe njia ya pili, na njia ya pili haikuwepo.

Jumamosi si siku yangu ya kazi. Nilikwenda saa nne, wakati wa chai, wazee wote tisa wanapokuwa sebuleni. Siku hiyo walikuwa wanane. Nilimwomba Matroni amwite Fundi. Alikuja na kandambili, polepole, akasimama mbali na tangi. Mpishi alichungulia kwenye dirisha la kupitishia vyombo.

Nikasema. Nilieleza chumvi, konzi ya Alhamisi, kigogo, glasi ya mwalimu na kalenda. Nilisema mikono ya Fundi haikuua hata kimoja.

Wa kwanza kusema alikuwa Bibi Sweta. "Yaani yule mwekundu nilimsingizia bure."

"Nilisema mtu asitie kitu," Matroni alisema.

"Ulisema. Nikajipa ruhusa mwenyewe."

"Jumatatu utapata barua ya onyo. Ya pili ikija, kazi huna."

"Nitaipokea."

Fundi alisogea kwenye kioo, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Vikambare viwili vilikuwa pembeni, mbali na kigogo. "Redio nyingi nilizoletewa," alisema, "ziliharibiwa na mtu aliyekuwa anasaidia. Mmoja aliipaka mafuta ya kupikia kwa ndani. Alisema ilikuwa inakwaruza." Akanigeukia. "Mimi nimelala siku nne najua ni muuaji, Mama Maombi."

"Najua, baba. Nisamehe."

Alimwambia Matroni: "Hawa waliobaki wanahitaji maji yabadilishwe, kidogo kidogo, kila siku, mpaka chumvi iishe. Daktari wa meno atajua hilo?"

"Nani atabadilisha hapa?" Matroni aliuliza. "Wewe huwezi kunyanyua ndoo."

Fundi aliinua mkono wake, tukauona unavyotetemeka. "Huu hautulii. Wake umetulia, ila hauaminiki." Wazee wakacheka, hata mpishi. "Basi mimi niseme, yeye afanye. Nikisema kikombe kimoja, kiwe kikombe kimoja."

Matroni akatoa simu mfukoni, akampigia daktari wa meno palepale, akamwomba radhi. Alipoirudisha mfukoni alisema, "Sitaki ahadi za kwenye chumba cha mifagio. Sema hapa, wakusikie."

"Na upaze sauti," alisema Bibi Sweta. "Sikio la kushoto nilishaagana nalo."

Nilisimama kati ya meza na tangi. Fundi alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, akiningoja.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," nilisema, "sitatia kitu ndani ya tangi hili, kiwe chakula, dawa, maji au chumvi, mpaka Fundi aniambie nitie nini na nitie kiasi gani. Kuviombea nitaendelea, lakini nitaviombea nikiwa nje ya kioo, na mikono yangu iwe mitupu."