Mwanakuu Hakuswali Alasiri

Mkokoteni wenye sanduku la Mwanakuu ulikuwa umeshaingia Ndia Kuu, njia nyembamba ya mji wa kale, na wanawake watano wa buibui wakiufuata kama wapelekao arusi. Mwanakuu alikuwa akihamia Maskati kwa mwanawe, na teksi ilimngoja kwenye barabara kubwa. Wote walicheka isipokuwa Mbeyu, shoga yake, aliyekuwa ameona jambo. Kabla ya kutoka, walipoinuka kuswali alasiri nyumbani kwa Mwanakuu, mwenyewe alibaki amekaa akijipepea.

Wakati huo, kabla ya ile mvua kubwa ya tisini na saba, walikuwa wakikutana kwa Mbeyu kila Alhamisi kujifunza habari za miili yao. Mwalimu wao alikuwa Jael, nesi wa kutoka bara aliyekaa Tudor. Aliwafunza mifupa, presha, na lile joto linalompanda mwanamke wa makamo hadi akaloa jasho. Aliwasimamisha kwa mguu mmoja, wameshika ukuta, wasije wakaanguka uzeeni. Mwanakuu alikuwa akisema, "Leo tumekuwa korongo, kesho tutataga." Zilikuwa Alhamisi tamu zile. Mahamri yalipoa watu wakicheka.

Sasa, pale njiani, Mbeyu akamvuta Mwanakuu kando.

"Shoga, mbona hukuswali?"

Mwanakuu akatabasamu. "Nimerudishiwa. Miaka minane nimekauka, na sasa mwezi wa pili huu naona damu. Ni ile dawa ya habasoda na asali ninayokunywa. Mti mkavu umechipua."

"Jael alisema nini juu ya hiyo?"

"Siku gani? Labda nilikuwa arusini."

Kweli, Alhamisi ya somo hilo alikuwa arusini. Mbeyu akamwambia alivyosikia: damu ikishakoma mwaka mzima, ikirudi hata tone, hiyo si hedhi tena, ni ya kuonyeshwa daktari upesi.

"Wanionea wivu," Mwanakuu akasema. "Wewe yako ilikoma mapema."

Neno lile lilimchoma Mbeyu. Akamwendea Karisa, mwenye mkokoteni.

"Geuza, mwanangu."

"Nigeuze vipi, mama? Mwenye sanduku ni yule."

Basi Mbeyu, mtu mzima wa miaka sitini, akapanda akakaa juu ya sanduku. Wauza vinyago wakatoka madukani kutazama.

"Shuka, Mbeyu. Watu watutazama."

"Na watazame. Ukienda Maskati, nami niko juu ya mzigo."

"Mama ni mzito kuliko sanduku," Karisa akalalamika, na wale wengine wakacheka.

Mwanakuu hakucheka. Akasogea hadi sikioni mwa Mbeyu. "Kwani yaweza kuwa nini?"

"Sijui. Huenda si kitu. Lakini Maskati utamwambia nani, mkweo?"

Mwanakuu akaweka mkono juu ya sanduku lake. Kisha akamwambia Karisa ageuze.

Jael aliwapeleka hospitali kesho yake. Ilikuwa saratani ya kizazi, haijatambaa. Mwanakuu alipasuliwa, akakaa miezi mitano kwa Mbeyu, kisha akasafiri. Aliishi Maskati miaka kumi na minne, akafa kwa moyo. Jael alistaafu akarudi kwao. Karisa aliacha mkokoteni akaajiriwa bandarini. Kikundi cha Alhamisi kilikufa mwaka wa elfu mbili na mbili, wengi walipohamia kwa watoto wao. Mbeyu alibaki pale pale, na Alhamisi hupika mahamri ya watu wawili.