Wageni wa Jumatano Hawali

Nilirudi shule nikiwa na miaka sabini na miwili, na kilichonirudisha ni umbea. Twaiba, mwalimu wetu wa gumbaru, masomo ya sisi watu wazima, ameandika katika daftari lake kwamba nimekuja kujiendeleza. Mwache aandike. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: yule Jethro huwaambia nini wageni juu ya chakula changu.

Jethro ni kijana wa bara, anafanya kazi katika hoteli moja ya Diani. Kila Jumatano asubuhi huwaleta Wazungu wanne au watano kwangu hapa Mwabungo, waje kuona jinsi mwanamke wa pwani anavyopika. Nakaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, wanapiga picha. Nakamua tui, wanapiga picha. Nachoma samaki nampaka tui, naupalia wali makaa juu ya kifuniko, wanapiga picha hata moshi. Kisha natandika mkeka, naweka sinia, nafunua kawa, nasema, "Karibuni." Hapo Jethro husema maneno yake ya Kizungu, akiinyooshea kidole sinia, akininyooshea na mimi, na wageni wakashika vifua. Hunitazama kama watu waliokuja matangani. Mama mmoja alitoa kitambaa akajifuta macho. Halafu huinuka, hushukuru, huenda zao na njaa yao.

Miezi mitano, na hakuna hata mmoja aliyetia tonge kinywani.

Utaniuliza, kwa nini usile mwenyewe? Kwetu mwenyeji hamtangulii mgeni kwenye sinia. Mgeni asipokula, mwenyeji hukaa na mikono yake magotini, na chakula kilichopikwa kwa jina la mgeni hakirudi jikoni. Basi kila Jumatano nilimjazia Jethro hotipoti, nikamwambia, "Mpelekee mkeo Philister."

"Asante shosho," husema, huyoo akaingia garini.

Na hilo shosho nimeshamwambia mara ngapi. Huku hakuna shosho, kuna bibi.

Kilichoniuma si samaki. Mimi ni mpishi wa arusi. Kutoka Ukunda mpaka Msambweni ukitaja pilau ya Mwanaima watu walikuwa wakimeza mate. Lakini tangu Idi kulipita arusi mbili hapa hapa kijijini, nami sikuitwa kwenye sufuria. Nilialikwa. Nikaketishwa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wazee, nikaletewa sahani kama mtu asiye na kazi. Nikaanza kujiuliza: je, mkono wangu umekwisha? Maana mpishi akizeeka, ulimi hufa kabla yake, na yeye ndiye wa mwisho kupata habari. Watu hawamwambii mzee ukweli, humwambia kizuri bibi. Nikawaza, pengine Jethro ndiye anayewaonya wageni: msile, huyu bibi siku hizi haoni chumvi wala sabuni.

Ningeweza kumwuliza. Lakini ukimwuliza mtu anachokisema nyuma yako, atakuambia anachokisema mbele yako.

Darasa la gumbaru ni chumba cha nyuma cha madrasa, Jumatatu na Alhamisi baada ya Alasiri. Tuko sita. Mwenye kelele kuliko wote ni Mzee Kheri, aliyeendesha tuktuk pale Kona ya Musa mpaka mgongo ukakataa. Mimi shule niliiacha darasa la nne, na Kiingereza nilichotoka nacho ni cha kumwamkia mwalimu asubuhi.

"Shikamoo bibi," Twaiba alinipokea. "Ungependa kujifunza nini hasa?"

"Marahaba. Nataka mtu akinisema nijue."

"Kusemwa?"

"Kusema, kusemwa, chochote ulicho nacho."

Akacheka. "Basi tuanze na mambo mtu anayoyafanya kila siku, na mambo anayoyafanya sasa hivi. Anayekusema hatatoka nje ya hayo."

Hakujua alivyogonga penyewe. Akaandika ubaoni: *Every day I cook.* Chini yake: *Now I am cooking.* Nikaitazama ile mistari miwili muda mrefu.

"Mwalimu, hapo pana mpishi mmoja au wawili?"

"Mmoja, bibi. Juu ni mazoea yake. Chini ndiyo yuko jikoni sasa hivi."

"Kumbe ni hupika na ninapika."

"Hasa."

Nilistaajabu, nisiseme uongo. Bahari yote ile iko katikati yetu, na kumbe Mzungu naye huwatenga mtu ambaye husali na mtu anayesali leo kwa sababu mkwewe amekuja. Tangu siku hiyo nikawa sitaki kukosa darasa. Kitabu chetu kilikuwa na bwana mmoja anayeamka saa kumi na mbili, akapiga mswaki, akavaa, akapanda basi kwenda ofisini.

"Huyu mtu hali?" Kheri akauliza.

"Atakula sentensi ya saba," Twaiba akamjibu.

Alikuwa akimsimamisha mmoja wetu afanye kitendo, wengine tuseme anafanya nini. Zamu ya Kheri ilipofika, alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba.

"*Now Kheri is sleeping*," nikasema.

"Silali, nafikiri."

"*Every day Kheri sleeps*," nikamalizia, na Twaiba akaniandikia alama ya vema.

Nyumbani nikawa nakisema kila kitu kilichopita. Kuku anachakura, nasema. Jirani yangu Rai anaanika nguo, nasema. Siku moja alichungulia juu ya ua.

"Bibi, waongea na nani?"

"Na mbuzi. Anakula mkeka wangu."

"Kwa Kizungu?"

"Kiswahili hanisikii."

Wiki ya sita, Jumatano, nilifunua kawa, nikaketi, nikatega sikio. Wageni walikuwa vijana watupu. Jethro akanyoosha kidole. *Every day she cooks.* Hiyo nikaidaka. *But she does not eat.* Na hiyo nikaidaka, maana alikuwa ananisema mimi kwa mistari ile ile ya ubaoni. Kisha akasema, *Now she is fasting. Every day she is fasting.* Wageni wakashika vifua. Hilo neno la mwisho sikulijua. Nililichukua kama mtu aliyebeba yai kinywani, nisilivunje, mpaka Alhamisi.

"Ni kufunga, bibi," Twaiba akasema. "Saumu. Nani anafunga?"

"Mimi. Kila siku."

Kheri akageuka akanitazama. "Wewe? Na viazi karai vyangu viwili ulivyonilia njiani, ulifuturu saa tisa?"

Darasa likacheka, nami nikacheka nao, lakini akili ilikuwa mbali. Sasa niliyaona yote. Ni nani mwenye adabu zake atakayekula mbele ya bibi kizee aliyefunga, tena aliyempikia kwa njaa yake? Wale wageni walikuwa na heshima kuliko nilivyowadhania. Wao hawali kwa sababu mimi sili, na mimi sili kwa sababu wao hawali. Tukikaa namna hiyo, sinia katikati, hotipoti ya Jethro inatungojea sote.

Lakini bado sikujua kwa nini. Na mkono wangu bado ulikuwa na kesi.

Jumatano iliyofuata niliwapaka tui samaki wawili wakubwa aina ya changu. Wageni walikuwa watano, na mmoja wao mama wa makamo yangu, kofia yake pana kama ungo. Nikafunua kawa. Jethro akaanza: kila siku anapika, lakini hali, na sasa hivi ana...

Nikanyoosha mkono, nikamega samaki, nikafinyanga tonge, nikatia kinywani. Marehemu mama yangu anisamehe, ndiyo mara ya kwanza maishani kumtangulia mgeni. Nikatafuna polepole, wamalize kuona.

"*Now I am eating*," nikasema. "*Every day I eat.* Asubuhi *I eat*, usiku *I eat*. Karibuni, *eat*."

Yule mama mwenye kofia akanitazama mimi, akamtazama Jethro, kisha akacheka mpaka ile kofia ikamwanguka, akakaa mkekani na kuanza kula. Wenzake wakamfuata. Wakasema chakula ni kizuri sana, kizuri sana, nami sikuyatia maanani, kwani Mzungu husema hivyo hata ukimpa maji ya mfereji. Mimi nilikuwa namtazama Jethro. Amesimama na hotipoti yake kwapani, anaikodolea macho sinia inavyopungua, kama mtu aliyefika Likoni akaona feri imeshang'oa nanga.

Nikamwita nyuma ya jiko.

"Jethro. Mimi nimeanza kufunga lini?"

"Shosho, nisamehe."

"Bibi."

"Bibi, nisamehe. Ile siku ya kwanza ulikuwa umefunga kweli. Uliniambia ni sita."

Nikakumbuka. Ilikuwa wiki ya baada ya Idi, nami nilikuwa katika zile siku sita za Shawali.

"Nikawaambia, wakakataa kula mbele yako," akaendelea. "Ukanipa chakula yote nipeleke kwa nyumba. Philister akaonja."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Alilamba hotipoti. Wiki iliyofuata nikajikuta nimesema tena umefunga. Na ile ingine pia. Manze bibi, kwetu Jumatano hakupikwi. Watoto wanajua Jumatano kuliko Krismasi. Philister amejaribu hiyo wali na nazi ya pakiti mara sita, inakataa."

"Miezi mitano umenifungisha kwa ajili ya tumbo lako."

"Si tumbo, bibi. Ni hiyo wali."

Nilikuwa nimemwekea maneno, tena nimeyachagua. Yakanipotea. Mtu aweza kukisifu chakula kibaya kwa adabu, lakini haibi chakula kibaya kwa miezi mitano. Hakuna shahidi mpishi anayemhitaji zaidi ya mwizi.

"Kuanzia leo sema kweli," nikamwambia, "na ule kwenye sinia na wageni wako. Na Jumamosi Philister aje na nazi mbili. Za mnazi, si za pakiti."

"Sawa shosho."

"Jethro."

"Sawa bibi."

Adhuhuri ilipotoka nilijitanda leso nikavuka ua kwenda kwa Rai, maana binti yake Mapenzi anaolewa mwisho wa mwezi na mimi sikuwa nimesikia lolote kuhusu sufuria.

"Hodi."

"Karibu bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Pilau ya Mapenzi anapika nani?"

Rai akaziangalia ndara zake miguuni. "Tumeongea na mtu wa Ukunda. Ana majiko ya gesi. Bibi, wallahi tungekuita. Lakini Mapenzi anafanya usafi kule hotelini kwa kina Jethro, akaja na habari kwamba wewe siku hizi unafunga kila siku. Tukasema mtu aliyefika daraja hiyo ya ibada, tusimvute kwenye masufuria. Hata kina Swabir, walioozesha baada ya Idi, walisema hivyo hivyo kwenye arusi yao."

"Ni hilo tu?"

Akainama akazikung'uta ndara vumbi.

"Rai, mimi ni mtu mzima. Sema."

"Na ile pilau ya arusi ya Suleiman, bibi. Mwaka jana. Chumvi ilizidi."

"Ilizidi kiasi gani?"

"Pipa la maji liliisha kabla bwana arusi hajaingia."

Nikakaa barazani. Miezi yote hii nilikuwa naitafuta kauli hiyo, nimekwenda mpaka shule kuitafuta, kumbe iko upande wa pili wa ua. Na haikuniuma nilivyodhani.

"Hasina, msaidizi wangu siku ile, alitia chumvi," nikasema, "na mimi nikatia. Hakuna aliyemwuliza mwenzake."

"Tulijua, bibi. Lakini nani angekuambia?"

"Si umeniambia. Haya, nipe chai, na andazi kama lipo."

Rai akanitazama kwanza, kama anayetaka kuhakikisha, halafu akaingia ndani. Nikamsikia akichokoa makaa. Nikapaza sauti kidogo ili anisikie.

"Na huyo mtu wa Ukunda mwambie aje na gesi yake, hatutamfukuza. Ila chumvi natia mimi, mara moja, na wewe utaonja mbele yangu."

"Nikiona imezidi je?"

"Utasema hapo hapo," nikamjibu, "sufuria ikiwa bado motoni."